Mbwa anayetambua kifafa cha mtoto: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Goma

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wazazi wachache wenye watoto wa kifafa tunakutana uani kwa mmoja wetu huko Katindo. Tangu nianze kufika na Bobi, mbwa wetu, maswali ni yale yale: anajuaje, tulimnunua wapi, sasa dawa tuache? Nimeyakusanya hapa ili nisiendelee kuyajibu kwa simu saa nne za usiku. Mimi si daktari. Ni mama wa msichana wa miaka tisa aliyeanza kuanguka akiwa na miaka mitatu, na niliyoyasoma nimeyasoma kwa ajili yake. Mwenye haraka aanze na swali la 12 na la 13; mengine yatamngoja.

## Mambo ya msingi

1. Mbwa wa kifafa ni mbwa wa namna gani?

Watu huchanganya mbwa wawili. Wa kwanza hutoa taarifa kabla. Mtoto bado anacheza, haonyeshi lolote, na mbwa anaanza kumlamba mikono, kumzunguka, kulialia, au kumzibia njia. Wa pili husaidia baada ya mtoto kuanguka: anabweka kuita watu, analala ubavuni mwake, habanduki mpaka fahamu zirudi.

Kazi ya wa pili inafundishika, sawa na kumfundisha mbwa kukaa au kuleta kitu. Ya wa kwanza ni habari nyingine. Wapo mbwa wanaoanza wenyewe baada ya kuishi na mgonjwa kwa miezi, na mfundishaji huikuta ile tabia tayari, akaikuza. Ukisikia mtu anasifia "mbwa wa kifafa", muulize anamsema yupi. Mabishano mengi yatakwisha hapo hapo.

2. Anajuaje?

Kwa pua, zaidi ya yote. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, walitangaza jaribio walilofanya na mbwa watano waliofundishwa Indianapolis, Marekani. Mbwa hao walinusishwa pumzi na jasho la wagonjwa: lililochukuliwa kifafa kinapowashika, lililochukuliwa wakiwa wametulia, na lililochukuliwa baada ya mazoezi ya mwili. Watatu walilipata la kifafa kila mara. Wawili waliobaki walipatia karibu mara mbili katika kila tatu. Mwaka 2021 wenzao wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walitumia mbwa 19 wa kufugwa tu, wasiofundishwa chochote, na hao nao walibadilika tabia walipoletewa harufu inayoambatana na kifafa.

Kwetu hili lisiwe ajabu kubwa. Huko Morogoro, Tanzania, panya wa shirika la APOPO wananusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Na bibi zetu waliijua harufu ya mtoto mwenye homa kabla kipimajoto hakijafika kijijini.

Lakini mbwa hanusi tu. Anayeshinda na mtoto husoma pia mwendo wake, macho yake, sauti yake. Binti yangu huanza kusugua kidole gumba kwenye nguo dakika chache kabla ya kuanguka. Mimi nilichukua miaka miwili kuligundua hilo. Bobi sidhani kama alichukua miezi miwili.

3. Taarifa inakuja dakika ngapi kabla?

Hutofautiana kwa mbwa na kwa mtoto. Katika utafiti wa mwaka 1999 wa mbwa waliofundishwa na shirika la Support Dogs la Sheffield, Uingereza, ilikuwa kati ya dakika 15 na 45. Bobi wetu hutupa tano, akijitahidi kumi, na siku nyingine hatupi kitu.

4. Je, haya yamethibitishwa, au ni hadithi za Wazungu wanaopenda mbwa?

Yamethibitishwa nusu nusu, na sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba kifafa kina harufu na mbwa anaweza kuinusa, ushahidi upo (swali la 2). Kwamba mbwa fulani, nyumbani kwa mtu, hutangulia kila mara bila kukosea, ushahidi ni mwembamba.

Mwaka 2004 watafiti wa Calgary, Kanada, waliuliza familia zenye watoto wa kifafa. Kati ya zile zilizofuga mbwa, karibu nne katika kila kumi zilisema mbwa wao huitikia kifafa cha mtoto kwa namna fulani. Zilizosema anatangulia zilikuwa chache zaidi. Hayo ni maneno ya wazazi, na mzazi mwenye hofu huona ishara hata kwenye mkia. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakawaweka wagonjwa mbele ya kamera na kuwapima umeme wa ubongo pamoja na mbwa wao. Hapo iligundulika kwamba baadhi ya mbwa walikuwa wakitoa taarifa ya mitukutiko inayotokana na mateso ya kihisia, isiyo kifafa kabisa.

Kwa upande mwingine, Waholanzi walitoa matokeo mwaka 2024 ya watu 25 wenye kifafa kisichosikia dawa. Baada ya kupewa mbwa waliofundishwa, kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 31. Sababu inaweza kuwa utulivu tu, kwamba mtu haishi tena roho mkononi. Mimi nikipewa utulivu wa namna hiyo sitauliza umetoka wapi.

5. Kifafa si uchawi? Hakiambukizi? Na mbwa hawezi kukipata akilamba povu?

Si uchawi, na hakiambukizi kwa povu, kwa mkojo, kwa kushikana wala kwa kula sahani moja. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Duniani wenye kifafa ni karibu milioni 50, na karibu 80 katika kila mia wanaishi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Vyanzo vyake tunavijua: uzazi mgumu ambapo mtoto alichelewa kulia, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kugonga kichwa, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo. Kando ya mito yenye visubi, ugonjwa wa usubi nao umehusishwa na kifafa cha watoto. Na kwa wengine hakuna chanzo kinachoonekana.

Mbwa huwa na kifafa pia, lakini ni chake mwenyewe. Hakukipata kwako wala hatakupa.

Nayasema haya hapa juu kwa sababu nimeona watoto waliofungiwa kwenye vyumba vya maombi wiki tatu bila dawa. Maombi na dawa havigombani. Omba, na kidonge ameze.

## Kumpata na kumfundisha

6. Nitampata wapi mbwa aliyefundishwa?

Goma, humpati. Ulaya na Marekani mafunzo huchukua karibu miaka miwili, na kwa Marekani mbwa mmoja aliyekamilika hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Yapo mashirika kule yanayowapa wagonjwa bure, lakini huwapa watu wanaoishi karibu nao, kwa sababu mbwa na mgonjwa hufundishwa pamoja na kufuatiliwa kwa miaka. Hakuna anayepakia mbwa kwenye ndege akamtuma Kivu.

Kwa hiyo atakayekuja kukuuzia "mbwa wa kifafa" sokoni Virunga au kwa simu, mwogope. Kuna bwana alinijia na mbwa mwenye mkanda mwekundu shingoni. Akasema amefundishwa Kampala, bei dola 400. Nikamwambia: baba, mwache hapa siku kumi, tutaona. Akanijibu kwamba mbwa huyo hafanyi kazi mbele ya watu wasioamini.

7. Na mbwa wa Rumangabo?

Hao ni mbwa wa Hifadhi ya Virunga, ambayo makao yake ni Rumangabo. Wapo tangu mwaka 2011 na wanafundishwa vizuri sana, ila kwa kufuata nyayo za majangili na kutafuta watu waliopotea. Hawauzwi wala hawagawiwi. Nawataja kila mara kwa sababu moja: wanaonyesha kwamba hapa hapa kwetu mbwa anaweza kulishwa, kutibiwa na kufundishwa kazi ya maana. Wengi wetu tumezoea kumjua mbwa kama kitu cha kufungwa mnyororo na kutupiwa makoko.

8. Mbwa wetu wa kawaida anaweza? Lazima awe wa kabila fulani?

Anaweza, na si lazima. Kule hupendelea Labrador na golden retriever kwa upole wao na kwa kupenda chakula, maana mbwa anayependa chakula hufundishika. Bobi ni mbwa wa mtaani kutoka Ndosho, masikio mawili hayalingani.

Angalia tabia. Anamfuata mtoto kwa hiari yake? Sahani ikianguka, anashtuka na kurudi kuchungulia, au anatoroka moja kwa moja? Akiguswa sikio au akishikwa mguu, anavumilia? Mbwa aliyelelewa kwa fimbo na mnyororo ili awe mkali wa kulinda nyumba hafai kuwekwa karibu na mtoto anayetupa mikono na miguu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili au mitatu, akikua ndani ya nyumba na mtoto wako, ana nafasi nzuri zaidi. Hata hivyo usimlete kwa ajili ya kutabiri tu. Mlete kama unamtaka mbwa. Akitabiri, ni nyongeza.

9. Nitajuaje kama kweli anatangulia, au najidanganya?

Daftari. Hakuna njia nyingine. Letu lina safu nne: tarehe na saa, Bobi alifanya nini, mtoto alianguka saa ngapi, ilichukua muda gani. Na kama hakuanguka, unaandika "hapana". Hilo neno ndilo watu huliruka, na bila hilo daftari halina maana.

Ukurasa mmoja wetu unasomeka hivi: "Jumanne, saa 12:10 asubuhi. Bobi kalalia miguu ya mtoto, hataki kutoka. Saa 12:20 kaanguka, dakika moja na nusu. Alhamisi, saa 10 jioni. Bobi analia mlangoni, anazunguka. Hapana. Kumbe mbuzi wa jirani. Ijumaa usiku. Kaanguka usingizini. Bobi hakusema kitu, alikuwa amelala." Katika miezi mitatu ya kwanza alianguka mara 11. Bobi alitangulia mara sita. Alitushtua bure mara tisa. Sasa amua mwenyewe kama huyo ni nabii. Kwangu ni jirani mwenye macho makali ambaye pia anapenda umbea.

Daftari lina faida ya pili: daktari atalipenda kuliko mbwa. Siku ya kwanza nilipolipeleka, dawa ilirekebishwa kwa kuangalia saa za kuanguka, ambazo nyingi zilikuwa alfajiri.

10. Nimfundishe nini, na vipi?

Usijaribu kumfundisha kutabiri. Mfundishe kuita. Hilo linawezekana hata kwa mama mwenye kazi nyingi, dakika tano asubuhi na tano jioni.

Kwanza abweke kwa neno. Sisi tulitumia "Ita!" Unashika dagaa mkavu wa sambaza mbele ya pua yake, unasubiri achoke na kubweka, anapobweka tu unasema "Ita!" na kumpa. Baada ya siku chache neno linatangulia na kubweka kunafuata. Kisha mtoto, siku ambayo ni mzima, anajilaza kwenye mkeka na kutulia, wewe unasema "Ita!", mbwa anabweka, anapewa sambaza hapo hapo, karibu na kichwa cha mtoto. Rudia mpaka aanze kubweka akiona mtoto amelala chini kwa namna ile kabla hujafungua mdomo. Hapo sogea chumba cha pili. Halafu uani. Halafu kwa jirani, ambaye lazima ajue maana ya kubweka huko, la sivyo atarusha jiwe.

Mambo mawili. Usimpige anapokosea, maana atajifunza kwamba mtoto akilala chini fimbo inakuja, na siku ya kweli atakimbia. Na zawadi itolewe mara moja. Ukichelewa atadhani analipwa kwa kukuangalia mfukoni.

## Siku ya kuanguka

11. Mbwa ametoa taarifa. Nifanye nini?

Mwondoe mtoto penye hatari. Kwetu hatari ni jiko la makala, ngazi, barabara ya motari, maji ya ziwa, na uwanja wa mawe ya volkano ambayo yanakata kama kisu. Mkalishe kwenye mkeka au godoro chini, mwambie mtu mzima mwingine, angalia saa. Kama alikuwa anakwenda kuchota maji na bidoni yake, bidoni ibaki. Usimwongezee kidonge "kwa tahadhari" isipokuwa daktari ndiye alikupa maagizo hayo. Ikipita nusu saa bila kitu, mwache acheze, uandike "hapana".

12. Ameanguka. Nifanye nini mimi, na mbwa je?

Angalia saa kwanza, kwa sababu dakika mbili za kifafa huonekana kama nusu saa. Mwekee kitu laini chini ya kichwa. Kitenge kilichokunjwa kinatosha. Ondoa vitu vigumu na vyenye moto, legeza nguo shingoni. Mlaze ubavu mate yatoke. Usimshike kwa nguvu kuzuia mitukutiko. Usimtie kijiko, kidole, kitambaa wala kijiti mdomoni: ulimi haumezwi, meno ndiyo yanavunjika. Usimpe maji wala dawa ya kumeza mpaka azinduke kabisa. Usimmwagie maji, usimnusishe kitunguu wala petroli. Ikiisha, kaa naye; ataamka amechoka, pengine hamtambui mtu, pengine amejikojolea. Mfunike kabla watu hawajajaa.

Mbwa aliyezoea atabaki karibu. Akimlamba uso sana mwite pembeni, maana mtoto anahitaji hewa. Asiyezoea afungwe kamba na mtu mwingine.

13. Lini tukimbilie lopitali?

Ikifika dakika tano na bado anatukutika. Akianguka tena kabla fahamu hazijarudi. Kama ni mara yake ya kwanza maishani. Kama amepumua vibaya baada ya kutulia, ameumia, ameungua, au imetokea majini. Dakika tano ndizo mpaka. Usingoje kumi kwa sababu mbwa ametulia. Mkiwa mbali na lopitali, muulizeni daktari mapema kuhusu diazepamu, dawa ya kukatisha kifafa, ya kutia njia ya haja kubwa, aina, kipimo na namna ya kuitumia, ili iwe nyumbani kabla ya siku hiyo.

14. Mbwa hakusema kitu na mtoto akaungua. Ni mbwa mbaya?

Si mbaya. Ni mbwa. Jiko liinuliwe kwenye meza imara au liwekewe uzio wa matofali, na mtoto asipike peke yake. Familia iliyoacha tahadhari kwa sababu ina mbwa imefanya biashara ya hasara.

## Dawa

15. Tukiwa na mbwa, tunaweza kupunguza dawa?

Hapana. Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linaulizwa na watu waliokwisha kupunguza.

Mbwa anakuambia mvua inakuja. Hazibi paa. Wakitibiwa vizuri, hadi watu 70 katika kila mia wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa, na wengi wao kwa kidonge kimoja cha zamani kisicho ghali. Fenobabitali ndiyo tunayoijua wengi hapa. Nyingine ni karbamazepini na valproati. Ukikatisha ghafla, hasa fenobabitali, mtoto anaweza kuingia kwenye kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Dawa hupunguzwa na daktari, polepole, kwa miezi, kwa kawaida baada ya miaka kadhaa bila kuanguka.

Kama dawa inamlaza mtoto darasani au inamfanya mkali, rudi kwa daktari useme hivyo. Kipimo kinabadilishwa, au dawa yenyewe. Kwa wasichana wanaokaribia kuvunja ungo, uliza kuhusu valproati kwa jina, kwa sababu inadhuru mimba.

16. Twende kwa nani?

Anza na kituo cha afya cha mtaa, uombe karatasi ya kutumwa mbele. Hapa mjini kipo kituo cha Tulizo Letu cha mabruda wa Frères de la Charité. Bukavu mabruda hao hao wana kituo cha SOSAME. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, ipo hospitali ya Ndera, karibu na Kigali, ambako hupima umeme wa ubongo. Nenda na daftari la swali la 9. Na kama una simu yenye kamera, mtu mmoja arekodi mtoto anavyoanguka wakati wewe unamhudumia. Sekunde thelathini za video humwambia daktari zaidi ya maneno yetu yote ya "alitetemeka tu".

## Kuishi na mbwa

17. Je, hatari kubwa zaidi si kichaa cha mbwa?

Ni hatari ya kweli, na nafurahi ukiuliza. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa wa mtoto wako achanjwe akifikisha miezi mitatu na arudiwe kila mwaka, tena mbele ya macho yako, na cheti ukitunze. Asizurure usiku na mbwa wa mtaa.

Akimuuma mtu, hata kwa mchezo: osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda kutafuta chanjo siku hiyo hiyo. Usipake makaa, mafuta ya breki wala majani.

18. Mbwa alimrukia mtoto alipokuwa anatukutika. Aliogopa au ni mkali?

Vyote viwili vinawezekana, na sitakuomba ubahatishe na uso wa mtoto. Mbwa wengine huchanganyikiwa wakiona mwili unaotupatupa. Mtenge. Asibaki na mtoto bila mtu mzima tena. Akirudia, mpe nyumba nyingine isiyo na mgonjwa.

19. Sisi ni Waislamu. Itakuwaje?

Wazazi kadhaa wameniuliza hili kwa sauti ya chini. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa ulinzi anajulikana tangu zamani katika mafundisho kuwa ana ruhusa. Kinacholetea tabu ni mate, ambayo kwa madhehebu ya Shafi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Familia moja katika kikundi chetu imemwekea mbwa sehemu yake uani, ana chombo chake, na mtoto ana nguo ya kuchezea na nguo ya swala. Walikwenda kumuuliza sheikh wao kwanza. Nanyi fanyeni hivyo, msiniulize mimi Mkatoliki.

20. Aende naye shule?

Hapa kwetu bado. Darasa la watoto sitini si mahali pa mbwa, na diretere akikataa simlaumu. Mpe mwalimu nakala ya swali la 12 kwa mkono, umweleze, umwombe mtoto akae mbali na dirisha na asiadhibiwe akiduwaa. Mwalimu anayejua kutazama saa anafaa kuliko mbwa aliyefungwa chini ya mwembe.

## Hali za pekee

21. Mtoto wangu haanguki, anaduwaa tu sekunde chache. Mbwa atasaidia?

Huo pia ni kifafa cha aina yake, na mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kukiona, akidhani ni uvivu. Mbwa hapo hana kazi kubwa. Daktari anayo. Kuna dawa inayokifaa na nyingine zinazokizidisha, karbamazepini ikiwa mojawapo, kwa hiyo usiazime vidonge kwa mtoto wa jirani.

22. Alitukutika akiwa na homa kali. Tununue mbwa?

Pole pole. Degedege la homa huwapata watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, na wengi hawapati kifafa kamwe. Hapa kwetu la kwanza ni kupima malaria na kuhakikisha si homa ya uti wa mgongo, leo, si kesho.

23. Mbwa amezeeka, au amekufa. Mtoto amekataa kula.

Mweleze ukweli, usimwambie amekwenda kijijini. Mtoto wa kifafa hudanganywa vya kutosha. Angalia usingizi wake siku hizo, kwa sababu kukosa usingizi na huzuni huongeza kuanguka kwa wengi, na dawa isikose hata siku moja. Mbwa mwingine asubiri. Akija, aanze daftari jipya, kwani hajarithi kitu kutoka kwa wa kwanza.

24. Tukilazimika kukimbia, mbwa aje?

Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, amri ya kuhama ilipotoka tulishika njia ya Sake na umati wote. Mtoto mgongoni, godoro kichwani kwa baba yake. Dawa zilibaki juu ya kabati. Siku ya tatu alianguka mara nne, kwenye sakafu ya kanisa, kati ya watu ambao hawakutaka kumgusa. Bobi hakuwepo bado, na angekuwepo asingebadilisha kitu, kwa sababu kilichokosekana kilikuwa chupa ndogo ya vidonge.

Kwa hiyo jibu langu lina mpangilio. Kwanza mtoto. Pili dawa za wiki mbili, ambazo unamwomba daktari mapema uziweke akiba, na unazibadilisha kila mwezi zisipitwe na muda. Tatu daftari na karatasi ya dawa yenye jina la dawa na kipimo, ili hata muuguzi wa kambini aelewe. Nne mbwa, kama ana kamba na cheti cha chanjo, maana mpakani Gisenyi wanaweza kukuuliza. Kama hana, mfungulie mnyororo uende.

Mfuko wetu unaning'inia nyuma ya mlango tangu siku hiyo. Kamba ya Bobi imefungwa kwenye mpini wake, na mtoto hukagua vidonge kila Jumapili akihesabu kwa sauti.